Duka Alilotamani Kuliingia: Maisha ya Mwalimu Shusha Jicho

Marehemu, aliyejulikana na wengi kwa jina la Mwalimu Shusha Jicho, alizaliwa tarehe 14 Februari 1960, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa mpiga chapa na mshonaji.

Alianza shule ya msingi mwaka 1967, akahitimu sekondari mwaka 1977, kisha akasomea upambaji wa maduka. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupamba madirisha ya duka la nguo, na humo alikutana na seremala aliyeleta rafu.

"Hii umempimia twiga," alimwambia.

"Basi niletee mteja mfupi nimpime."

"Unaye mbele yako."

Walifunga ndoa tarehe 6 Septemba 1986. Hawakujaliwa mtoto. Seremala alitangulia mbele ya haki mwaka 2008, na tangu hapo marehemu aliishi peke yake katika nyumba yenye rafu nyingi kuliko vitu vya kuweka.

Kompyuta alijifunza akiwa na umri wa miaka arobaini, benchi moja na vijana waliomwita mama. Mwaka uliofuata chuo kilimwajiri kuwafundisha wanafunzi wa upangaji wa bidhaa kuchora maduka kwa kompyuta. Kosa lao halikubadilika: programu ya kuchorea humruhusu mchoraji kulitazama duka kutoka juu, kana kwamba halina paa, nao walilipenda duka lao wakiwa huko huko juu.

"Mwanangu, mteja wako ni popo?" aliwauliza. "Shusha jicho. Liweke usawa wa mtu mfupi, halafu tembea."

Hapo ndipo ilipobainika kuwa bango limefichwa na rafu, na njia imezibwa na sanamu ya kuvalishia nguo.

Kila muhula ulipokwisha, michoro ilifutwa ili kuwapisha wengine. Kwa hiyo marehemu alikuwa na tamaa moja, ambayo hakuificha: kuingia, kabla hajafa, katika duka la kweli lililochorwa na mwanafunzi wake.

Mwaka 2019 maradhi ya uti wa mgongo yalimnyima miguu, akaacha kazi. Wageni walikuja, wakapungua, wakakoma. Januari 2023 alisikia kwamba duka la viatu, lililochorwa na mmoja wa wanafunzi wake, limefunguliwa. Kaka yake alimpeleka kwa kiti cha magurudumu.

"Usinitaje," alionya mlangoni. "Nimekuja kama mteja."

Kiti kilipita kati ya rafu zote bila kugusa kitu. Kioo kilishuka hadi sakafuni. Alijiona mzima, akakaa mbele yake kitambo.

"Shikamoo, shangazi," alisema muuzaji. "Nikutolee viatu vipi?"

"Marahaba. Aliyelichora duka hili huwa anapita?"

"Simjui, shangazi. Sisi tumelikuta hivi hivi."

"Mmelikuta vizuri," alijibu, akaomba arudishwe nyumbani.

Alifariki hospitalini kwa homa ya mapafu tarehe 6 Juni 2023, saa saba mchana, kabla saa ya kuwaona wagonjwa haijafika.

Ameacha kaka mmoja, wifi mmoja, na wanafunzi waliotawanyika, ambao wengi hawana habari ya msiba huu. Atakayekutana nao na awaambie kwamba mwalimu wao aliingia dukani, na njia ilimtosha.

Mwenyezi Mungu ampe pumziko jema.