Mguu wa Nyuma wa Inzi

Benchi lilikuwa mbele ya duka la Pindo, hatua chache kutoka darajani, pale mto unapopiga kelele kwenye mawe. Ubao mmoja mrefu juu ya matofali, na kila asubuhi waliukalia watu walewale. Pindo mwenyewe, fundi cherehani, alipewa jina hilo kwa kuwa hajawahi kutoa nguo yenye pindo lililolegea. Soli alikuwa mshona viatu. Gia alikuwa dereva wa malori aliyeacha kazi kabla ya wakati, akidai barabara zimemchosha. Watatu hao walizaliwa kando ya mto huo, na hakuna jambo duniani wasilolijua. Muuza kahawa akishamimina kikombe cha kwanza, basi, kikao kimefunguliwa.

Wiki hiyo habari ilikuwa moja tu. Watu wa afya wamekuja kuchunguza upofu wa mtoni. Wamepewa chumba nyuma ya zahanati, wameweka hadubini mezani, na wanatafuta wakazi wawili wa kuwasaidia kuchambua inzi. Mtoni kuna vidudu chungu nzima vinavyoruka, na si vyote vinavyoleta upofu. Kazi ni kumtoa mhusika mwenyewe, yule inzi mweusi mdogo mwenye kibyongo, katikati ya wenzake wasio na hatia. Nafasi ya kwanza kapewa Kinyozi wa mtaa wa pili, mtu wa kuja, hajamaliza hata miaka mitano hapo. Walimjaribu dakika kumi, wakamchukua.

Roho ilimuuma Pindo, si kidogo. Koti jeupe alilovishwa Kinyozi halikumsumbua. Kilichomsumbua ni kwamba mtaa mzima ulikuwa ukiyasifu macho ya Kinyozi, na macho ndiyo kitu ambacho Pindo alikuwa anakipoteza. Huu mwaka wa pili anaona kama mtu aliyejifunika chandarua. Amenunua miwani mitatu, yote haikumfaa. Mkewe humtungia sindano kumi na mbili kila asubuhi akiamini vidole vya mumewe vinakufa ganzi, na mishono yeye huifuata kwa kidole gumba. Hakumwambia mtu. Wateja wakijua fundi haoni, cherehani itakuwa ya kuwekea maua. Kwa hiyo alimwonea wivu kila mwenye macho, wa mbali na wa karibu. Hata Soli na Gia, marafiki wa kufa na kuzikana, aliwaonea kijicho wakiwa wamekaa ubavuni pake.

Asubuhi hiyo Kinyozi alipita na koti lake, akaomba kikombe akanywa kwa kusimama.

— Hivi mnamjuaje huyo inzi mwenyewe? Soli alimuuliza, akijitia hajali.

— Unamlaza chini ya hadubini. Unatazama bawa, unatazama vinyweleo, unatazama miguu. Ukishamzoea humkosei.

— Vinyweleo, alisema Pindo. Mtu katafuta riziki kwa kunyoa vinyweleo, leo analipwa kuvitazama. Sisi wenyeji tunamjua inzi huyu tangu tukiwa tumboni, hatukuhitaji koti.

Benchi likaangua kicheko. Kinyozi naye akacheka, bila kinyongo, akarudisha kikombe na kwenda zake kazini. Kule kucheka kwake kulimkera Pindo kuliko tusi.

Alipotoweka ndipo wakamchambua yeye na inzi wake. Gia akasema hadubini ni mbwembwe za watu wa maofisini, kwani inzi wa upofu hujulikana kwa sikio. Mbu hupiga zumari, nzi wa jikoni hunguruma, huyu yuko kimya kabisa, na ukimya wake una uzito, unausikia ukikaa begani. Soli akampinga. Alisema dawa ni kumsugua kati ya vidole viwili. Wa kawaida husagika kama majivu ya sigara, wa upofu ana ngozi, na yeye ameshika ngozi miaka thelathini, nani atamdanganya?

Pindo hakutaka kuachwa nyuma.

— Nyote mmepotea, alisema. Huyu inzi akiwa mtoto hulelewa mgongoni kwa kaa. Kwa hiyo hunuka kaa. Mpeni mtu mwenye pua yake vichupa mia, afumbe macho, atawatenga mpaka wa mwisho kabla Kinyozi hajawasha taa.

— Na ukimweka ulimini? Gia alidakia.

— Mchungu. Kama aspirini.

Soli akaapa kwamba babu yake aliwajua kwa ndoto. Muuza kahawa alikuwa anamimina duru ya tatu pale mwanamke mmoja mwenye mkoba begani aliposimama mbele yao, akasalimia kwa heshima. Alikuwa ndiye mkuu wa wale wachunguzi.

— Shikamooni, wazee wangu. Namtafuta Fundi Pindo.

— Marahaba. Ndiye mimi.

— Nimebakiwa na nafasi moja. Kinyozi ameniambia nisihangaike mbali, hapa kuna fundi mwenye macho makali kuliko yake.

Uso ulimwaka Pindo kwa aibu. Wiki nzima hii alikuwa anamchukia mtu ambaye alikuwa anamsifu. Akataka kukataa, ila Soli na Gia walikuwa wanasikiliza, na mteja mmoja alikuwa amesimama mlangoni akingoja suruali yake.

Dada yule alitoa kichupa chenye inzi mmoja ndani ya spiriti, pamoja na kioo cha kukuzia.

— Swali dogo tu. Mguu wake wa nyuma una rangi gani?

Pindo alikiinua kichupa. Aliona mwanga, na ndani ya mwanga doa, na doa lile halikuwa na miguu. Akaona njia ya kuponea: amwachie mwenye macho, kisha aitikie jibu lake.

— Anza wewe, Soli.

Soli alikipokea, akakisogeza puani, akakipeleka mbali, akasema jua linampiga machoni. Mawingu yalikuwa yametanda tangu alfajiri. Akamwelekezea Gia. Gia alinyoosha mkono, na vidole vyake vikafunga hewa tupu, shubiri nzima kutoka kwenye kichupa. Akapapasa mpaka akakipata.

— Ana miguu ya kawaida, alisema Gia.

— Ya rangi gani, mzee?

Pindo aliwageukia wenzake, mmoja huku, mwingine huku, watu ambao macho yao alikuwa ameyatamani kila siku.

— Mimi sioni, dada, alisema. Mwaka wa pili huu.

Alingoja wamcheke. Soli aliinama. Gia alikuwa bado ameshika kichupa kwa mikono miwili, amekielekeza usoni, na upande wenye inzi ulikuwa umefunikwa na kiganja chake.