Kichwa Kiinuke Kwanza: Miaka Thelathini na Miwili ya Bwana Gaspard

Tunawaomba radhi wasomaji. Jarida hili la hospitali yetu halikutoka tangu Juni mwaka jana, kwa kuwa barabara ya Bukavu ilifungwa na karatasi hazikufika. Tunarudi na habari moja: tarehe 31 Machi 2003, Bwana Gaspard Ndihokubwayo, muuguzi wa dawa za usingizi katika chumba cha upasuaji, anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi.

Alizaliwa Kiringye, na tangu siku ya kwanza ya kazi hakuamini kitu. Kila kichupa cha dawa alikiinua kwenye mwanga wa dirisha, hasa tangu vita vilipoanza na dawa kutufikia kupitia mikono mingi. Hakuamini mizani yetu, iliyoishia kilo mia moja na ishirini. Kwa wagonjwa wazito aliazima sokoni ile ya magunia ya muhogo. Wagonjwa walilalamika. Hakujali.

Zaidi ya yote, hakuamini macho ya mgonjwa. Mwaka 1997, mzee mmoja mnene sana alifumbua macho baada ya upasuaji, akatolewa mrija wa kupumulia, akafa akisukumwa kwenda wodini. Dawa ya kulegeza misuli ilikuwa haijamtoka. Aliyeutoa mrija ni Gaspard. Tangu hapo alijiwekea sharti: kabla mrija haujatoka, mgonjwa ainue kichwa juu ya mto na kukishikilia, huku yeye Gaspard akihesabu hadi tano kwa Kirundi, polepole.

Mwaka 2000, Mama Generose, muuza vitenge wa Luvungi mwenye kilo mia moja arobaini na nane, alipasuliwa ngiri. Kazi ilipokwisha, Gaspard alimchoma dawa ya kuondoa ulegevu, naye akafumbua macho. Mlangoni askari walikuwa na majeruhi wao, wakiitaka meza ya upasuaji.

"Toa mrija, Gaspard. Ameamka," alisema Daktari Jean-Berchmans.

"Ameamka macho, Daktari. Kifua bado."

Daktari aliamuru dawa iongezwe. Gaspard alikataa: kipimo cha juu kilikuwa kimekwisha kutolewa, na mwili wa namna ile hukawia. Aliminya mfuko wa hewa kwa mkono dakika arobaini, bunduki zikimwelekea. Majeruhi alishonwa kwenye machela, akapona. Ndipo kichwa cha Mama Generose kilipoinuka. Gaspard alihesabu tano, akamwomba ainue tena, akahesabu tano nyingine.

Kesho yake Mama aliitambua sauti ya Gaspard. "Njo weye ulikuwa unanisumbua, inua kichwa, inua kichwa? Miye nilitaka kulala." Baadaye alimletea kitenge. Gaspard alikikagua pande zote mbili kabla ya kushukuru.

Hadi leo sharti hilo halijaandikwa popote. Ameiomba kamati ya hospitali ilibandike ukutani, kwa kuwa anashuku kwamba haraka itarudi siku atakapoondoka. Mrithi wake, Noella, amefundishwa vema. Lakini Noella ni mgeni kazini, na daktari ni daktari. Kamati imejibu kwamba italifikiria. Jibu hilo Gaspard amelisikia mara nyingi.

Asante, Bwana Gaspard, kwa pumzi za wengi. Tunakuombea afya, na shamba lenye kuzaa huko Kiringye. Kamati ikishaamua, tutakuandikia siku hiyohiyo. Tunajua hutaiamini barua. Utakuja uisome karatasi ukutani wewe mwenyewe.