Mama Wartinah Anavikabidhi Vijiji Saba

Tarehe 30 Juni, Mama Wartinah, mratibu wa Baraza la Mfereji wa Wonosido, atastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya utumishi. Hesabu hiyo imehakikiwa mara tatu kwenye jalada lake.

Alianza kama mpiga chapa. Wakati huo vijiji saba vinavyogawana mfereji viliandikiana barua kupitia wilayani, na majibu yalifika mpunga ukiwa umeshavunwa. Ni yeye aliyependekeza wakuu wa vijiji, wakulima na maofisa wa maji wakutane kwa zamu, kila mara kijiji tofauti, na mwenyeji akaange tempe, vile vipande vya soya iliyochachushwa. Baraza letu halina mamlaka ya kumwamuru mtu yeyote. Lina mkeka, birika la chai, na lilikuwa na Mama Wartinah, aliyefika mapema ili wanaogombana awaketishe karibu na sahani.

Kwa ruhusa yake, naeleza kisa cha kiangazi kilichopita. Kikao kilijadili kufunga lango la maji wiki tatu kwa matengenezo. Hakuna aliyepinga. Karani mpya, ambaye ndiye anayeandika haya, alichukua orodha ya mahudhurio, ile inayosainiwa mlangoni kabla ya kupewa boksi la vitafunio, akaibana nyuma ya rasimu ya uamuzi na kuipeleka wilayani. Amri ikatoka: lango lifungwe Alhamisi. Randulawas, kijiji cha mwisho mferejini, kilikuwa na mpunga unaoanza kutoa masuke.

Karani alidhani ameshafukuzwa kazi. Mama Wartinah alimpa kofia ya pikipiki.

"Panda. Utasema mwenyewe. Mimi nitakunywa chai."

Mkuu wa Randulawas, Mzee Sukardal, alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe nilisaini kuukausha mpunga wangu! Mimi nilidhani nasainia keki."

"Na alikula mbili, binti," mkewe akapaza sauti kutoka jikoni. "Usimwonee huruma!"

Ndipo mzee akatoa la moyoni. Mkuu wa kijiji cha juu, aliyetaka lango lifungwe, ni mkwewe. Angempingaje mbele za watu? Mama Wartinah hakubishana naye. Alimaliza chai, akawasha pikipiki, na kwa siku mbili tulipita vijiji sita vilivyobaki, nyumba kwa nyumba. Jumatano alasiri yalipatikana makubaliano mapya: matengenezo ya siku nane, kila kijiji kitoe watu kumi na majembe, na lango lifunguliwe kila baada ya siku moja kwa ajili ya Randulawas. Safari hii kila mmoja alisaini akijua anachosaini, na amri ya wilaya ikabadilishwa. Mpunga ulivunwa.

Tangu hapo, kikao hakifungwi kabla kila kijiji hakijaitwa kwa jina na kuulizwa. Katika miaka yake yote, ni migogoro miwili tu iliyomfikia mkuu wa wilaya.

Jumatatu ijayo karani ndiye atakayeviita vijiji hivyo. Mzee Sukardal ametuma salamu kwamba atakataa jambo la kwanza atakaloulizwa, liwe lolote, ili kumzoesha.

Mama Wartinah, asante kwa yote. Tunakuombea afya, wajukuu watulivu na asubuhi zisizo na vikao. Ila Jumatatu hiyo moja tu, tafadhali, usizime simu.