Moto Tuliomwashia Mama Saturnina

Baada ya miaka thelathini na moja katika yadi yetu ya mabasi hapa Cochabamba, Mama Saturnina Veizaga alistaafu tarehe 23 Juni, mkesha wa Mtakatifu Yohane. Wasifu huu ulipaswa kusomwa siku hiyohiyo. Unasomwa leo, majuma matatu baadaye, na sababu ni sisi wenyewe.

Alianza kwa kuosha mabasi. Baadaye akapewa filimbi na kiti langoni, awe anaruhusu mabasi kutoka kwa zamu. Kiti hicho kiko usawa wa mabomba ya moshi. Madereva wetu huwasha injini alfajiri kisha huenda kunywa api, kinywaji cha moto cha mahindi, wakiamini dizeli iliyopoa haipandi mlima. Mama Saturnina aliuvuta moshi huo mpaka kifua kikaanza kupiga mluzi. Hapo ndipo alipoanza vita vyake.

Alipita akizima injini mwenyewe na kutia funguo mfukoni mwa aproni. Basi la dereva Ponciano lilipokuwa likitoa moshi mweusi, alimwita mbele ya abiria: "Ponciano, mchumba wako anakohoa, mpeleke hospitali!" Walicheka kila asubuhi mpaka Ponciano akabadilisha nozeli za injini.

Sisi tuliotoka machimbo ya madini ya Potosí tulifika hapa na vumbi letu kifuani. Yeye ndiye aliyetufundisha kumwaga maji yadini kabla ya kufagia, na kufunga madirisha asubuhi za baridi, moshi unapolala juu ya mji, na kuyafungua upepo wa mchana ukija. Wauza salteña, sambusa zetu za nyama, aliwahamisha pamoja na watoto wao kutoka nyuma ya mabasi. Tulipojifunga skafu puani alitucheka: "Hiyo itazuia inzi. Moshi unapita." Yeye alivaa barakoa nene iliyobana pua na kidevu. Tulimwita Daktari wa Mapafu. Hakukasirika.

Jambo moja lilimshinda: moto wa mkesha. Kila mwaka usiku huo sisi huchoma takataka yadini, na matairi yaliyokwisha juu yake, tukila soseji. Alipoulizwa anataka zawadi gani ya kuagwa, alijibu mbele ya wote: "Msininunulie kitu. Mwaka huu msichome, basi." Tukapiga makofi.

Kisha tukakaa peke yetu, tukaona vibaya. Mtu aliyetumika miaka yote hiyo aagwe mkesha bila moto, kama aliyefukuzwa? Na yadi ya jirani walikuwa wamekwisha kurundika mbao zao, wanatucheka. Tukajiambia kwamba amekataa kwa adabu tu, kama mgeni anayesema ameshiba. Tukaficha matairi nyuma ya karakana ili tumshtukize.

Aliingia jioni na binti zake, amevaa sketi mpya ya mahameli. Tukawasha. Tukapiga makofi tena. Upepo haukuwepo, moshi ukaijaza yadi. Alisema tu, "Jamani, wanangu," pumzi ikamkatika. Ponciano alimkimbiza hospitali kwa basi. Alilala huko karibu juma zima akipumua kwa oksijeni.

Tulipokwenda kumwona na matunda, tulibaki mlangoni tukisukumana nani atangulie. Akatuita kwa mkono. Hakututukana, na afadhali angetutukana. Alisema polepole, "Mlinisikia vizuri. Au mlidhani mama wa langoni anatania?" Ponciano akatazama viatu vyake. Sisi wengine tukatazama machungwa.

Leo amekubali kuja, kwa sharti kwamba sherehe iwe mchana na injini zote zizimwe. Zimezimwa. Matairi yaliyobaki tumewapa washona katambuga wa sokoni, na wenye yadi ya jirani tumewaendea kuzungumza nao kuhusu mbao zao. Hawajakubali bado. Tutarudi.

Mama Saturnina, tunakushukuru kwa utumishi wako, na kwa kutuonya hata tulipokudhihaki. Hatukuombi useme yamekwisha. Mkesha wa mwakani pita hapa mwenyewe, uikute yadi ikiwa giza. Tunakutakia uzee mwepesi na pumzi ndefu.