Bi Verlene Stidham, Mwenye Meza ya Kodi Kando ya Sufuria la Maharage

Miaka thelathini na moja, na tarehe 30 Mei Bi Verlene Stidham anaikunja meza yake na kustaafu kutoka ofisi yetu ya kusaidia watu kujaza fomu za kodi. Wenzangu wenye shahada waliombwa waandike wasifu huu, wakatoa kitu kinachosomeka kama fomu. Basi kazi ikaletwa kwangu mimi, Colby Fugate, niliyeacha shule darasa la kumi na ambaye, msinibishie, naingiza hesabu haraka kuliko wote ofisini. Ukimtoa yeye.

Alianza kama karani wa kupokea simu, na simu yenyewe haikulia. Serikali inatoa nafuu ya kodi kwa mfanyakazi wa mshahara mdogo anayelea watoto, na unalipwa hata kama hudaiwi kodi, ila sharti ujaze fomu. Watu wa milima hii ya Kentucky walijiambia: sidaiwi, nijaze ya nini? Wakaziacha fedha zao huko huko serikalini, mwaka baada ya mwaka.

Mwaka wake wa tatu akaibeba meza hadi kituo cha zimamoto, siku ya mlo wa maharage na mkate wa mahindi, ambao kaunti nzima huja kula ili kuchangia mipira ya maji. Bosi wa wakati ule alisema anaitia ofisi aibu. Siku ya kwanza watu kumi na wanane walijaza fomu, kijiko mkono mmoja, kalamu mkono wa pili. Baadhi ya majalada yetu yananukia vitunguu mpaka leo.

Kasoro anazo. Kahawa yake inafaa kuzibia mashimo ya barabarani, na gari analiendesha kana kwamba anasindikiza jeneza.

Lakini nitawasimulia habari ya Arvil Combs. Mzee huyu wa kiwanda cha mbao alikuwa analea wajukuu wawili, na gia ya lori lake ilikuwa imekufa. Msimamizi alikuwa amemwambia akifika mwisho wa Juni bila usafiri wake mwenyewe, kazi hana. Na bila kazi, wale watoto wangelelewa na nani? Miaka mitatu hakuwa amejaza fomu. Fedha za mwaka wa kwanza pekee zilitosha kununua gia, na haki ya kuzidai ilikuwa inakwisha Aprili 15, posta ikifungwa saa kumi na nusu.

Bi Verlene alikuwa amekwisha kumwandalia kila kitu. Saa tisa na nusu siku hiyo hiyo, mlo wa maharage ukiendelea kituoni, Arvil akaingia, kofia mkononi, akasema amekuja kushukuru tu na kukataa.

“Mimi siombi, Verlene. Baba yangu hakuomba.”

“Nani kakwambia uombe?” akajibu, huku anampakulia maharage. “Msumeno ulikuwa unaushika wewe au serikali? Hii ni ya mtu aliyefanya kazi. Tia sahihi, ule, uache kunizibia foleni.”

Arvil alikula sahani nzima. Kisha akavuta kalamu, akatia sahihi mara tatu.

Nilizinyakua funguo za gari, maana angeendesha Bi Verlene tungefika Mei. Posta ilitugongea muhuri ikiwa imebaki dakika nne.

Cheki ya kwanza ilitoka wiki ya pili ya Juni, gia ikafungwa, na kiwandani hakukosa hata siku moja. Majira ya kodi yaliyofuata lile lori lilisimama mbele ya kituo likiwa na majirani wanne, wote wa kabila lile lile la wasioomba. Arvil akawasukuma hadi mezani, akawaambia wakae chini, watoe karatasi, na wasimchoshe mama wa watu.

Bi Verlene, bonde zima linakushukuru, na sisi pia, hata wale uliotufokea, yaani wote. Tunakuombea afya, siku ndefu, na Aprili isiyo na fomu hata moja.