Kilima cha Mama na Gari la Tairi Mbili

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao lililoegemezwa ukuta wa duka la cherehani, na mguu wake mmoja ni tofali. Hapo kila asubuhi Bi Chujio hutumiminia kahawa, nasi tukatatua matatizo ya watu wengine. Ijumaa hiyo tatizo lilikuwa langu. Mama yangu alikuwa apasuliwe jicho Jumatatu, na nilikuwa nimemwahidi kwamba Jumamosi nitamfuata kwa gari kule juu kilimani anakokaa. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Kilima kile kikilowa, gari langu hukitazama tu. Mwaka huu limekwama nusu ya njia mara mbili, likasukumwa na majirani zake Mama.

Jina langu kijiweni ni Fowili, na nililitafuta mwenyewe. Nilipolinunua gari nilibandika nyuma stika kubwa ya kuwatangazia watu kwamba linavuta kwa tairi zote nne. Linavuta kwa mbili, za mbele. Siku ya kulikagua kijiwe kizima kilinisindikiza. Tulipiga teke kila tairi, tukafungua milango na kuifunga tukisikiliza mlio, tukasema hili ndilo. Hakuna aliyeinama kuchungulia uvunguni, maana nguo zetu sote tulikuwa tumezipiga pasi.

— Tulia, Fowili, alianza Difu, aliyekuwa fundi wa magari mpaka mgongo ulipomkatalia. Gari hugeuzwa. Unatoboa sakafu kidogo, unapitisha propela ya kupeleka nguvu nyuma, unafunga difu ya kuzungusha tairi za nyuma pamoja na gia boksi yake. Likitoka hapo linapanda ukuta.

— Vitu hivyo navipata wapi?

— Kwenye gari lingine kama lako, lakini lile la fowili yenyewe. Unalinunua, unalifungua, unahamishia kwako.

— Na lile lililofunguliwa?

— Unaliuza. Litakuwa gari zuri tu, la tairi mbili.

Bi Chujio alisimamisha birika hewani.

— Ngoja nielewe. Ananunua gari linalopanda kilima, analiharibu, ili hili lisilopanda lipande?

— Dawa ya moto ni moto, alisema Difu, akanywa kahawa yake kwa utulivu mkubwa.

Naona haya kusema kwamba mimi nilikuwa nimeshaitikia kwa kichwa, na nilikuwa nawaza nitaliuzia wapi lile lililofunguliwa.

Kutoka dirishani, mkanda wa kupimia ukiwa shingoni, akadakia Hakimu. Huyu ndiye mwenye duka la cherehani, na jina hilo tulimpa kwa kupenda kwake kutoa hukumu kwenye kesi ambazo hakupelekewa. Alisema suruali ikikubana makalioni huiongezei kipande cha shuka, unashona nyingine. Niuze, ninunue lingine.

— Kati ya leo na kesho?

— Subira yavuta heri.

— Hakimu, jicho la Mama limeshapangiwa tarehe.

Hapo Difu akaja na la pili. Kwa kuwa tairi zinazovuta ziko mbele, nipande kilima rivasi, ili zinisukume kutoka chini. Nilimuuliza nitaonaje njia, na upande mmoja ni mtaro. Akasema mwenda pole hajikwai. Hakimu hakukubali kushindwa kwenye duka lake mwenyewe. Alitoka nje kabisa, akachukua kipande cha chaki ya kushonea, akaanza kuchora kwenye benchi huku akitusogeza mmoja mmoja.

— Tunatafuta gari la pili, nalo livute kwa mbele kama lako. Tunayafunga mgongo kwa mgongo kwa mnyororo. Lako linakwenda mbele, lile linarudi rivasi. Mbili na mbili ngapi?

— Na usukani?

— Kila dereva na wake, mnaongea kwa simu. Umoja ni nguvu.

Difu alikagua mchoro kwa muda mrefu. Hakuona kasoro ya ufundi, ila aliuliza stika sasa itaonekana wapi. Na mimi, mtu mzima, mzaliwa wa kwanza wa mama yangu, nikaanza kufikiria stika.

Muda wote huo kulikuwa na mama mmoja amesimama mlangoni, amekuja kuchukua suruali ya mumewe iliyokuwa ikipunguzwa urefu. Alisimama kwa sababu benchi lilikuwa limejaa michoro.

— Samahani, jamani. Huyo mama, siku nyingine zote, huwa anashukaje?

Hakimu akatazama chaki yake. Difu akasema kwa sauti ndogo kwamba labda huwa hashuki.

— Kwani unga humdondokea kutoka mbinguni? aliuliza Bi Chujio.

Wote wakanigeukia. Nilijua kilima kile kimenikwamisha wapi na wapi, lakini jambo hilo sikulijua, na sikuwahi kuliuliza. Nikatoa simu nikapiga. Hakimu akaamuru niongeze sauti ili kijiwe kisikie.

— Mama, shikamoo. Hivi wewe huwa unashukaje huko?

— Marahaba, mwanangu. Kwa miguu. Kuna kinjia pembeni ya mtaro, kina mawe, hakina tope. Robo saa nzima haiishi nimefika barabarani.

— Sasa mbona hujawahi kuniambia?

— Ulikuwa na furaha sana na hilo gari. Nikasema nikuache.

Nilikumbuka zile mara mbili alivyosimama kando ya njia, mkoba kwapani, akinisubiri nimalize kukwama.

— Ila siku hizi mawe siyaoni vizuri, akaendelea Mama. Liache gari chini, upande kwa miguu. Tukishuka unishike mkono.

— Nitakushika, Mama.

Simu ilipokatika, hakuna aliyekuwa na methali. Yule mteja alipokea suruali ya mumewe akaenda zake. Bi Chujio aliinamisha birika, likatoa machicha matupu, akasema kahawa imeisha. Difu ndiye aliyeuliza, kwa upole, kama ile difu bado nitaihitaji. Nikamwambia hapana.

Nilizunguka nyuma ya gari nikaanza kuibandua stika kwa kucha. Ilikataa kutoka. Ndicho kitu pekee kwenye gari lile kilichowahi kushika sawasawa.