Bi Hatua, Fundi Aliyetembea Kabla ya Kufungua Boksi

Ijumaa, tarehe 29 Agosti, Bi Hatua atarudisha ngazi, mkanda wa zana na funguo za gari namba saba, na hapo atakuwa ametimiza miaka thelathini na mitatu na miezi minne ya utumishi katika kampuni yetu. Wahariri wa jarida hili wameniomba mimi wa dawati la malalamiko niandike habari zake, nadhani kwa sababu hakuna fundi aliyenipunguzia kazi kama yeye.

Aliingia akiwa mpokea simu, zama za kuunganisha wateja kwa kuchomeka waya kwenye ubao. Baada ya miaka mitano akaomba kuhamia kwa mafundi wa laini. Msimamizi wa wakati ule alimuuliza kama haogopi kupanda nguzo.

"Naogopa," alijibu. "Ndiyo maana nitashika vizuri."

Alipanda nguzo kwa miaka kumi na saba bila kuanguka hata mara moja, ingawa aliwahi kukaa juu saa nzima akisubiri mbwa wa mteja achoke kubweka. Mbwa hakuchoka. Mwenye nyumba ndiye aliyerudi kutoka kazini akamwokoa.

Miaka kumi na moja iliyopita kampuni ilianza kuuza intaneti ya majumbani, naye akapangwa kwenye kikosi cha kwanza cha kufunga ruta. Mafunzo yalikuwa ya siku tano. Fundi alifundishwa kuiweka ruta pale waya unapoingilia, kupima spidi akiwa amesimama kando yake, kusainisha fomu na kuondoka. Dakika ishirini na tano kwa nyumba, nyumba nane kwa siku. Kwa miaka miwili Bi Hatua alifanya hivyohivyo, na haki isemwe, alikuwa miongoni mwa wepesi zaidi. Jina hili la Bi Hatua alikuwa hajapewa bado.

Kilichombadilisha ni nyumba ya fundi viatu mmoja na mkewe. Wote wawili ni viziwi. Binti yao wa pekee, anayesikia, aliishi mbali, na wakati huo alikuwa amelazwa hospitalini na mimba yenye matatizo. Walizungumza naye kwa lugha ya alama, kupitia simu ya picha, na picha ilikuwa inakatika. Jirani yao mmoja, mtu mkarimu, ndiye aliyekuwa akitupigia simu kwa niaba yao. Dawati langu likamjibu kama lilivyomjibu kila mtu: zimeni, subirini kidogo, washeni. Mafundi watatu walitumwa kwa nyakati tofauti. Kila mmoja alipima kando ya ruta, akakuta spidi ni nzuri, akafunga lalamiko.

Wa nne alikuwa yeye, siku ya Jumanne. Naye alipima, akakuta ni nzuri, akatoa fomu. Mke wa fundi viatu alikataa kusaini. Akachukua kipande cha karatasi ya kukatia soli, akaandika: "Ninyi picha ikiganda mnaendelea kusikia sauti. Kwetu ikiganda, mtoto amenyamaza katikati ya neno." Chini yake akaongeza: "Anafanyiwa upasuaji Alhamisi asubuhi. Anaogopa. Anataka kuongea na mimi kwanza."

Bi Hatua aliirudisha fomu mkobani. Akaandika swali ambalo hatukuwa tumefundishwa kuliuliza: "Mnakaa wapi mkiongea naye?"

Wakampeleka chumba cha nyuma, kwa sababu huko ndiko kwenye dirisha kubwa, na mwanga wake ulionyesha mikono vizuri. Ruta ilikuwa chumba cha mbele, ndani ya kabati la chuma, walikoifungia isiibwe. Kati ya vyumba hivyo kulikuwa na kuta mbili za matofali na kioo kirefu cha kujitazamia. Akashika simu yake mkononi akaanza kutembea, hatua moja moja, akiandika nguvu ya mtandao kila aliposimama. Kwenye hatua ya saba ilishuka hadi nusu. Ya kumi na mbili, pale penye viti vyao, ilikuwa imebaki kidogo sana. Picha ya binti iliwafikia kwa shida. Picha yao kwenda kwa binti karibu haikutoka kabisa.

Kisha akafungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa na ruta ile. Nyumba ilikuwa na simu mbili. Orodha ilikuwa na vifaa kumi na kimoja. Neno la siri lilikuwa lile lile la kiwandani, lililobandikwa chini ya ruta, na yule jirani mkarimu alikuwa amelisoma siku aliyosaidia kulihamisha kabati. Kikulacho ki nguoni mwako. Bi Hatua akabadilisha jina la mtandao na neno la siri, na haikupita muda jirani akatokea mlangoni, simu mkononi, kuuliza mbona mtandao umeharibika.

"Haujaharibika, kaka," akamwambia. "Umerudi kwao."

Kesho yake alirudi bila kutumwa. Alipitisha waya mpya kwenye pembe ya dari hadi kwenye korido, akaiweka ruta juu ya rafu, mahali pa wazi, mlango wa chumba cha nyuma ukiwa mbele yake. Akaihamishia kwenye chaneli, yaani njia ya mawimbi, ambayo nyumba za jirani hazikuwa zimeisonga. Wateja wanane waliahirishiwa siku hizo mbili, na simu zao zilikuja kwangu. Sikufurahi, na nilimwandikia msimamizi kusema hivyo.

Alhamisi asubuhi aliketi kwenye kigoda koridoni, akiangalia taa za ruta. Hajui lugha ya alama. Anachokumbuka ni kwamba mikono ya yule mama ilisema kwa dakika arobaini bila kusimama, na kwamba mwishoni fundi viatu aliinua vidole gumba viwili kwenye skrini na kushindwa kuvishusha. Upasuaji ulikwenda salama. Mjukuu ni wa kike.

Jumatatu Bi Hatua alipewa barua ya onyo kwa kuacha ratiba. Aliisaini, akaomba nakala, akaambatanisha karatasi yake ya hatua kama maelezo. Wiki iliyofuata fundi viatu alikuja ofisini mwenyewe, na barua yake ya mistari mitatu. Meneja aliisoma, akaisoma tena, kisha akaomba kuiona ile karatasi ya hatua. Onyo halikufutwa, liko kwenye faili lake hadi leo. Lakini mwezi uliofuata kila fundi aliagizwa kutembea nyumba nzima na kuwauliza wenyeji wanakaa wapi na wanafanya nini, kabla ya kufungua boksi. Malalamiko ya kujirudia mezani kwangu yalishuka kutoka arobaini kwa wiki hadi kumi na moja. Niliandika barua nyingine kwa msimamizi, na hiyo niliitia sahihi kwa wino mzito zaidi.

Tangu hapo mafundi wakaanza kumwita Bi Hatua, naye akaitika.

Dukani kwetu pia alikuwa na sifa yake. Wateja wengi huchagua ruta kwa kuhesabu antena. Yeye aliwaambia ng'ombe hanunuliwi kwa wingi wa pembe, kisha akawauliza nyumba ina vyumba vingapi na kuta ni za nini. Mwenye vyumba viwili aliondoka na kifaa kidogo. Mwenye ghorofa aliambiwa ukweli kwamba kimoja hakitamtosha hata kingekuwa na pembe ishirini. Wauzaji walinuna, lakini hao wateja hawakurudisha mzigo. Kwa bibi mmoja aliyeifunika ruta kwa kitambaa cha kufuma isipate vumbi, alisema tu: "Bibi, hiki ni mdomo. Ukikiziba kitasemaje?"

Kasoro zake tunazijua. Mwandiko wake ni wa kubahatisha, na mara tatu alifungia funguo ndani ya gari. Tena mwaka jana mumewe, dereva mstaafu, alipiga simu dawatini kulalamika kwamba mtandao wa nyumbani ni dhaifu. Ruta yao ilikuwa sakafuni, nyuma ya sofa. Mganga hajigangi.

Wiki hii alifunga ruta yake ya mwisho. Mteja hakuambiwa kwamba fundi huyo anastaafu. Tulipompigia kuomba maoni, alitupa alama nne kati ya tano. Fundi ni mzuri, alisema, na mtandao unafika hadi jikoni, ila anauliza maswali mengi mno.

Bi Hatua, kampuni inakushukuru, na dawati la malalamiko linakushukuru kwa simu zote ambazo hazikupigwa. Afya iwe yako, usingizi uwe mrefu, na siku zako zisiwe na ratiba ya mtu. Tunakutakia mapumziko mema.